Laptop ya Sanduku la Mwanaesha

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Daftari jipya. La zamani limejaa lawama.

Kona imepatikana! Yaani bado haijapatikana, lakini ipo. Dukani kwa Bi Fairuz, Biashara Street, mlangoni kabisa mkono wa kulia, pale alipokuwa yule muuza mafuta mazuri kabla hajahamia Likoni. Kabati la kioo lipo. Swichi ya umeme ipo. Kila anayeingia kununua leso lazima apite hapo.

Huu ni mwaka wa pili tangu niache kazi ya kuuza televisheni. (Niliachishwa. Daftari ni langu, naweza kuandika ukweli.) Kosa langu lilikuwa kuwaambia wateja ila za bidhaa kabla hawajanunua. Tangu hapo mimi ni mkaguzi. Mtu akitaka kompyuta, friji au televisheni ya nyumbani, huniita niipime kwanza. Ofisi yangu ni meza yetu ya kulia chakula, hapa Tononoka. Wateja hadi leo ni tisa, na wanne kati yao ni jamaa za mke wangu, Kadzo. Kadzo anasema anaitaka meza yake. Amesema kwa upole, na huo ndio unaonitia hofu.

Tatizo ni Ndinda. Ndinda ni mwanamke anayetengeneza simu kwenye meza chini ya ngazi, jengo la pili kutoka kwa Bi Fairuz. Naye anaitaka kona. Hana fomu, hana muhuri, na watu humpenda bila sababu. Mtu akimwuliza anunue kompyuta gani, yeye humwuliza swali moja: utaifanyia nini? Basi. Swali moja! Fomu yangu ina vipengele arobaini na sita.

Bi Fairuz ameamua kutupima. Mpwa wake Abdulhalim anamwoa Mwanaesha, binti wa Kibokoni. Jumapili wanawake wa upande wa bwana harusi wanapeleka sanduku kwa bibi harusi. Nguo, viatu, manukato, kila kitu hutolewa kimoja kimoja na kuinuliwa juu mbele ya wanawake wa mji, nao ama hukipigia vigelegele ama hukitia ila. Safari hii sandukuni mtakuwa na laptop, maana Mwanaesha anasomea ufamasia na nusu ya masomo ni ya kompyuta. Kila mmoja wetu alete moja. Bi Fairuz atachagua Ijumaa.

"Wakikosa la kuisema wale wa Kibokoni," akaniambia, "aliyeileta ndiye atakaa kwenye kona yangu. Sina maneno mengine, Bwana Kadenge."

Nilimjibu kwamba wale wa Kibokoni hawajawahi kukosa la kusema. Nilimjibu moyoni.

Jumanne, 2 Septemba

Maduka sita. Nilikwenda na mizani ya jikoni, tochi, na kipimajoto cha homa cha binti yangu Joy. Roho ya laptop ni bawaba, wengi hawalijui hilo. Ya kwanza niliifungua na kuifunga mara thelathini na moja. Nilikusudia hamsini. Mwenye duka akaniuliza kama nanunua au nafanya mazoezi. Duka la pili hawakuniruhusu kuweka kitu mizanini kwa sababu mizani ilikuwa na unga. Duka la tatu nilikuta habari zangu zimeshafika.

Mchana nikapata hila. Nikapita kwa Ndinda kama mtu atafutaye kivuli, nia yangu kupeleleza. Nilikuwa nimetayarisha maswali manne ya kuzunguka mbuyu. Sikupata nafasi ya kuuliza hata moja! Kabla sijaketi akanitolea laptop aliyoichagua, akaniambia betri yake hukaa saa sita, akaniuliza naionaje. Alikuwa ameshakwenda Kibokoni kumwuliza Mwanaesha husomea wapi. Kumbe husomea kitandani, kwa kuwa nyumba ina watu wengi na meza ni moja. Kwa hiyo amechagua nyepesi.

Ni kazi ngumu kumpeleleza mtu asiye na siri. Nimerudi nimechoka.

Laptop yenyewe ni ya kijivu, ya mtumba, herufi A imefifia. Kwa haraka haraka niliitia ishirini na mbili kwa arobaini na sita. Nimelala mchana kwa amani.

Kadzo anatafuta mizani.

Jumatano, 3 Septemba

Nimeipata! Kwa Benard, anayeuza kompyuta ghorofani, hatua chache kutoka Biashara Street. Nyeusi. Feni mbili. Taa nyekundu chini ya kila herufi. Imeundwa kwa ajili ya wanaocheza michezo ya vita. Benard alipoiwasha ikanguruma hadi mlinzi akachungulia. Kilo tatu na robo! Kitu kizito hakina hila.

Nikaketi na fomu. Arobaini na tatu kwa arobaini na sita. Alama tatu zilizokosekana ni za betri, maana huzimika baada ya dakika arobaini. Nikalitafakari jambo hilo kwa haki. Mtu wa nyumbani ana umeme ukutani. Betri inamhusu nini? Vipengele vitatu vya betri nimevifuta. Sasa ni arobaini na tatu kwa arobaini na tatu. Haijawahi kutokea katika historia ya ofisi hii.

Nimeiandikia Cheti cha Ukaguzi, kina muhuri wa buluu. Nilitaka hapo mbele iwepo namba kubwa, kitu cha kuwatuliza wanawake. Nikatafuta kwenye karatasi za kiwanda. Kasi ya prosesa ilikuwa tatu nukta kitu, haina nguvu. Memori kumi na sita, afadhali kidogo. Halafu nikaiona: prosesa huvumilia joto hadi nyuzi tisini na tano. Tisini na tano! Nikaiandika kwa herufi kubwa: CHOMBO HIKI KINASTAHIMILI JOTO LA NYUZI TISINI NA TANO.

Kadzo akasoma. Yeye ni mwalimu wa darasa la sita, hawezi kuona karatasi bila kuisahihisha. Akasema karatasi ya kiwanda inazungumzia kidude kimoja cha ndani na mimi nimeandika chombo kizima. Nikamwambia mnunuzi wa nyumbani hachanganywi na vidude. Akasema maji huchemka kwa mia. Nikamwambia ndiyo hiyo maana yake, imebaki tano tu.

Alhamisi, 4 Septemba

Ndinda ameitengeneza simu ya Bi Fairuz bure. Rushwa ya waziwazi! Niliona wivu, sifichi.

Nikaamua kujibu mapigo. Nikamwambia Bi Fairuz kwamba pangaboi la dukani, pale juu ya meza ya kupimia, lina mlio usioridhisha, nami nitalikagua bila malipo. Alikuwa na wateja, akaniambia Bwana Kadenge fanya utakalo. Kipengele cha kwanza cha ukaguzi wa feni ni mwendo wa juu kabisa. Nikazungusha swichi hadi mwisho.

Sikujua kwamba wakati huo alikuwa amemfunulia mteja doti kumi na nne za leso.

Leso husafiri mbali kuliko mtu anavyodhani. Moja ilitoka nje ikamfunika mpita njia, akaishukuru kwa maneno yasiyoandikika. Nyingine iliingia kwenye pangaboi lenyewe, ikazunguka nalo, na hapo mlio ukabadilika kweli. Ndinda alikuja mbio kutoka chini ya ngazi akazima swichi ukutani, kisha akasaidia kukunja. Anakunja vizuri. Mimi nilikunja moja, Bi Fairuz akaikunjua akaikunja tena.

Nililipa pangaboi alama kumi na tisa kwa arobaini na tatu. Nikaona si wakati wa kumwambia.

Ijumaa, 5 Septemba

Ushindi! Lakini niandike kwa mpangilio.

Baada ya sala ya Ijumaa duka lilipofunguliwa tena, tukaziweka laptop zote mbili juu ya meza. Abdulhalim alikuwepo. Ni kijana mtaratibu, karani wa bandarini, anayesikiliza mpaka mtu anaishiwa. Aliinua ya kijivu kwa mkono mmoja. Aliinua yangu kwa miwili. Akauliza kama Mwanaesha ataweza kuiweka mapajani. Nikamweleza kwamba laptop, yaani ya mapajani, ni jina tu, chombo hiki ni cha mezani. Akasema kwao Mwanaesha meza ni ya watu wanane. Nikamwambia ndoa huleta meza.

Ndinda alisema maneno mawili matatu kuhusu betri na uzito, basi. Mimi nilisoma cheti chote. Kisha nikazima taa ya duka na kuiwasha laptop. Nyekundu ilipanda hadi kwenye leso za juu! Wateja wawili wakasema mashaallah. Bi Fairuz akatazama ule wekundu, na nilijua anaiona Jumapili yenyewe, wanawake wamejaa ukumbini na kitu kinainuliwa juu.

Akachagua yangu.

"Ya Ndinda ni nzuri," akasema, "lakini sandukuni kitu lazima kionekane. Ikipita Jumapili salama, Jumatatu uje na kiti chako."

Abdulhalim akaitazama ile ya kijivu kidogo. Ndinda akanipa mkono wa hongera. Akanitazama machoni, tena akacheka cheko la kweli. Hilo lilinikera kuliko kama angenitukana. Mshindi ana haki ya adui anayenuna.

Nimeagiza bango: KADENGE, UKAGUZI WA KOMPYUTA NA VYOMBO VYA NYUMBANI. Kadzo ameshatandika kitambaa mezani.

Jumamosi, 6 Septemba

Nilikwenda nyumbani kwa Bi Fairuz, Mji wa Kale, kupeleka chaja niliyoisahau. Nyumba imejaa shangazi. Ndinda yumo pia, anakunywa kahawa! Ameitwa kurekebisha spika za kesho.

Sanduku la harusi haliendi hivi hivi. Kila kinachoingia hufukizwa udi kwanza. Wana tenga la mianzi, huliinamisha juu ya chetezo chenye makaa na udi, nguo hutandazwa juu ya tenga, moshi ukapanda ukaingia kila uzi. Bi Fairuz hupika udi wake mwenyewe, kwa sukari na marashi, siri ya kwao. Kitu kisichonukia, aliniambia, wale wa Kibokoni watasema kimeokotwa.

Basi mmoja wa mashangazi akauliza: na hii laptop je, tuifukize?

Nilifungua mdomo kusema hapana. Naandika hapa mbele ya Mungu, neno hapana lilikuwa ulimini. Lakini Ndinda alinitangulia. Akasema, "La, mama zangu, mashine haifukizwi. Moshi wa sukari utagandia ndani, na makaa yataiyeyusha." Alisema tu, hakutumia fomu, na wote wakaanza kuitika kwa vichwa. Wakimtazama yeye! Kuhusu laptop yangu!

Nikasema inafukizwa.

Wakageuka. Nikatoa cheti, nikawaonyesha muhuri, nikasoma: nyuzi tisini na tano. Nikaeleza kwamba chetezo cha nyumbani hakifiki huko (sikuwa na kipimajoto, Joy amekichukua). Shangazi akauliza itanukiaje ndani, maana nguo huingiwa na moshi na hii ni chuma. Swali zuri. Nikashauri iwashwe, ilazwe kifudifudi imefunguliwa, feni zake mbili zivute moshi mpaka ndani kabisa. Mashangazi wakanitazama kwa heshima ambayo sijaiona tangu nioe. Ndinda akaweka kikombe chini. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama nina hakika. Nikamwambia hakika ndiyo kazi yangu.

Tukala pilau. Tukasahau kidogo. Tuliporudi ilikuwa imejizima. Betri, nikasema. Vile vijiguu vya mpira vya pembezoni mwa kioo vilikuwa vimelainika vikanata kwenye mwanzi, na herufi kadhaa zilibonyea zisirudi upesi. Shangazi akaipangusa, akaifunga, akainusa akafumba macho. Inanukia ajabu. Tukaiwahisha sandukuni.

Sikujaribu kuiwasha. Kitu chenye cheti hakijaribiwi mara mbili.

Jumapili, 7 Septemba

Wanaume hatuingii. Nilikaa nje barazani pamoja na Abdulhalim na bango langu, limefungwa gazeti. Kadzo alialikwa kwa heshima ya mkaguzi. Haya ni kwa maneno yake, nami siyakubali yote.

Nguo zilipita. Viatu vilipita, baada ya mtu mmoja kuuliza kwani soli ni ya nini. Nasi huko nje tulihesabu vigelegele. Kisha laptop ikainuliwa. Kwanza ilinukia, ukumbi mzima ukavuta pumzi. Bibi yake Mwanaesha, Bi Mwanarusi, mwanamke mwenye neno la mwisho katika mtaa ule, aliishika akaibusu. Bi Fairuz akalia machozi ya furaha. Ndipo mtu akasema, hebu iwashwe.

Ikawashwa. Taa nyekundu zikawaka, nusu yake. Feni zikanguruma, zikakwama, zikanguruma tena. Halafu, anasema Kadzo, pembeni ukatoka moshi. Moshi mweupe, mwembamba, wa udi. Kwa muda wanawake waliamini ndivyo ilivyoundwa! Vigelegele vya hapo tulivisikia hadi barazani, nami nikamshika Abdulhalim bega nikamwambia, umesikia? Akasema amesikia.

Kisha moshi ukageuka rangi na harufu ikawa ya sukari iliyoungua. Kioo kikawa cheusi. Mwanaesha akabonyeza, akabonyeza, akaacha. Kadzo anasema Mwanaesha hakulia, aliinamisha kichwa akauliza kwa adabu Jumatatu atasomea nini, maana ana mtihani wa majaribio. Mama mmoja akauliza kwa sauti ya kusikika aliyekagua ni nani. Kadzo alitazama dari.

Ndinda alikuwa nyuma, karibu na spika. Akafungua mkoba akatoa ile ya kijivu. Alikuja nayo, alisema, kwa kuwa aliliona tenga. Mwanaesha akaiweka mapajani, ikawaka, akafungua somo lake. Watu wakangoja mtu aitie ila. Mmoja akasema herufi A imefifia. Mwanaesha akasema A anaijua ilipo. Vigelegele vikapigwa, vifupi, vya watu wenye njaa.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Bango ni zito kuliko nilivyodhani. Inaniuma, wala sitaandika zaidi.

Jumatatu, 8 Septemba

Bi Fairuz aliniambia hanilaumu. Alisema mara tatu. Akanikabidhi laptop nyeusi, akasema kona amempa Ndinda.

Benard hataki kuipokea. Aliifungua nyuma, akaingiza kidole, akakinusa, akakilamba. Akaniambia amewahi kuona laptop zilizoingia maji, mchanga na mende, lakini hii ni ya kwanza kuiva. Kadzo akasema zamani angeniambia niipeleke jalalani Kibarani, lakini hata Kibarani siku hizi ni bustani.

Saa kumi jioni akabisha hodi Ndinda. Mwenyewe! Nilidhani amekuja kucheka. Alikubali chai, akasema kona ni pana, inatosha viti viwili. Yeye apokee watu na kuwauliza, mimi nikague bawaba na vioo, maana katika mambo hayo, alisema, hajaona jicho kama langu. Alisema kweli, bila mzaha. Sharti moja tu: nisiandike vyeti.

Kona ile ile, mlangoni, mkono wa kulia. Nimeitaka tangu Jumatatu ya kwanza kama ambavyo sijawahi kutaka kitu. Kadzo alisimama mlango wa jikoni na kijiko mkononi. Nikamwambia Ndinda nitamjibu kesho.

"Baba Joy," Kadzo akaniambia baadaye, "usimjibu kesho. Mjibu leo."

Nimemwambia haraka haraka haina baraka. Lakini nitakubali. Nimeshaamua.

Jumanne, 9 Septemba

Asubuhi nilikuwa nimevaa, nimebeba kiti, niko mlangoni. Simu ikalia. Bi Mwanarusi wa Kibokoni! Nikajua ni matusi, nikaketi kwenye kiti hicho hicho kuyapokea.

Si matusi. Anataka kununua televisheni ya sebuleni, ya kubandika ukutani. Amemwuliza Ndinda, naye akamwambia televisheni hazinukii. Lakini yeye aliishika ile laptop kwa mikono yake, akaibusu, na katika miaka sabini na sita hajapata kukutana na chombo cha umeme chenye harufu ya heshima. Kwamba ilikufa, akasema, kila kitu kitakufa. Akauliza kama naweza kumkagulia televisheni na kuifukiza, kabla haijatundikwa.

Nikafikiri kwa haki. Ndinda amesema haiwezekani. Ndinda si mkaguzi.

Nimempigia Ndinda nikamshukuru, nikamwambia mtu mwenye wateja wake hawezi kukaa kwenye kona ya mwenzake. Akasema kiti atakiacha kwa siku chache, kisha atampa mtu mwingine. Nikamwambia ampe tu. Kadzo ameondoa kitambaa mezani, amekikunja, amekwenda kulala kwa dada yake, amesema ni kwa usiku mmoja.

Nimemaliza hesabu. Laptop iliharibika kwa sababu tenga lilikuwa dogo na joto likakusanyika katikati. Televisheni ni pana, joto litasambaa. Inahitaji vyetezo vinne, kimoja kila pembe, na muda mara mbili. Cheti nimeshakipiga muhuri. Kesho alasiri nakwenda kuazima makaa.